Milimita Arobaini na Mbili

Tarehe 9 Machi

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo, tena shikamoo mbili, ya pili umpelekee babu. Mwambie kikohozi kikizidi asione haya kwenda zahanati, na yule muuguzi mkali hamng'ati mtu.

Sisi ni wazima, na mimi nimezidi uzima. Shangazi, ndoa ni tamu! Mbona miaka yote mlinificha? Leo ni siku ya kumi na tisa, na bado asubuhi nikiamka namtazama usoni kuhakikisha kwamba ni yeye. Tunakaa nyuma ya ghala lake, vyumba viwili na ua wa saruji. Nikifungua dirisha nasikia wapagazi wakitaniana na magunia yakitua kwenye mizani. Jioni akiingia ndani, nywele na kope zake ni nyeupe kwa vumbi la mahindi, mzee mtupu. Namfuta kwa taulo nikimwambia, "Nimeshakuona utakavyozeeka, na bado nakutaka." Anacheka mpaka anakohoa.

Mchana ghala likifungwa kwa saa moja, anajilaza mkekani, kichwa juu ya mapaja yangu, anasema, "Nisomee." Vumbi limemharibia macho, maandishi madogo yanamtoa machozi. Namsomea gazeti, namsomea karatasi za forodha, chochote. Anasema sauti yangu ingepimwa kwa gunia angeinunua yote. Shangazi, nani aliwahi kuambiwa maneno hayo?

Basi niandikie barua ndefu nimsomee. Usiache mvua! Nimemsimulia habari ya kile kipimo cha mvua cha bati alichonipa mwalimu wa jiografia nikiwa kidato cha pili, tukakisimika nyuma ya mashine yako ya kusaga, na kwamba nilipomaliza shule wewe uliendelea, asubuhi hata moja haikurukwa. Nimemwambia barua zako zinaishia na mvua, kama za wengine zinavyoishia na sahihi. Amesema, "Shangazi yako ni idara nzima ya serikali."

Nakupenda, na yeye anakupenda.

Ni mimi, Kasuku wako, bado nasema sana.


Tarehe 2 Aprili

Kasuku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kutafuta habari, ya pili kuhakikisha kwamba hamna. Umefurahi, nami nimefurahi. Basi.

Babu yako anakohoa lakini anagombana na kila mtu, maana yake ni mzima. Mama Cherehani jirani anakusalimu. Ameacha kushona sare, siku hizi anashonea watu midomo ya magunia kwa ule uzi wake wa buluu. Anasema gunia halimrudii kulalamika kwamba limebana kwapani.

Mashine nimeifunga mkanda mpya. Kazi ipo. Watu wanakuja na debe zima, wengine mawili, wanasaga kama wana harusi kila Jumamosi. Mvua imewalevya. Kila nyumba inataka kuondoa mahindi ya mwaka jana ipate nafasi ya mapya, na ada za shule ni mwezi huu huu, basi wote wanatafuta mnunuzi. Nimewaambia subirini myaone mapya kwanza. Nani anamsikiliza mwanamke mwenye unga masikioni?

Mvua ya Machi, kwa wiki: 12, 38, 41, 27. Wa bondeni walipanda wiki ile ya pili. Unawajua wale, kipimo hawana, wanatuma mtu apande kilima aje asome changu. Kikipita thelathini wanapanda siku hiyo hiyo, na mvua yetu huwashukia baada ya siku chache. Miaka tisa sijawakosesha hata msimu mmoja.

Mume wako msalimu. Siku ya harusi nilimpa mkono nikakuta kiganja laini kuliko cha mtoto. Labda anabebewa.

Shangazi yako.


Tarehe 20 Aprili

Shangazi yangu wa dhahabu,

Shikamoo. Hatujambo, isipokuwa nimeungua kidole kwa pasi nikimpigia shati huku namwaza. Mwambie Mama Cherehani nimecheka peke yangu uani kwa habari ya makwapa ya gunia.

Sasa sikia! Nilimsomea barua yako, akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Pale pa ada na wanaotaka kuuza, rudia tena." Mara tatu shangazi! Mwanamume gani anasikiliza habari za ukweni mara tatu? Dada wa nyumba ya pili mume wake hajui hata kwao ni wapi. Mimi wangu akanibusu kiganja, akasema, "Watu wa kwenu ni watu wangu. Wanatafuta mnunuzi? Wa nini watafute?" Siku iliyofuata lori likaondoka. Dereva ni yule Mapengo, aliyecheza mpaka kiatu kikamtoka siku ya harusi yetu.

Mpe maji ya kunywa, na uwaambie majirani kwamba ni mkwe wao anayewakumbuka. Barua zako nazihifadhi kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, pamoja na ua nililovaa siku ile.

Wako mwenye bahati kuliko wote,
Kasuku.


Tarehe 11 Juni

Kasuku,

Hatujambo. Babu amepata dawa ya kifua, anaitema. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nangoja niwe na jambo zuri la kuandika.

Mapengo alikuja mara nne. Maji nilimpa. Watu walimshukuru, mimi pia. Alipoona wengine wanasita aliwaambia, "Bosi anasema uzeni sasa, mavuno mapya ni makubwa nchi nzima, bei itaanguka mpaka mtalishia kuku." Kwa kuwa bosi ni mkwe, waliamini. Walitoa mpaka akiba ya kula. Mama Cherehani alitoa magunia saba, akabakiza moja.

Mvua ya Mei, kwa wiki: 9, 0, 0, 0. Juni mpaka leo 0.

Mahindi yalikuwa yanatoa maua. Wewe ni mtoto wa shamba, sihitaji kukueleza. Mahindi yakikosa maji kwenye maua, hata ikinyesha mwezi mzima baadaye ni maji ya kuoshea maiti. Ukimenya gunzi unakuta punje kumi, kumi na tano, kama kinywa cha Mapengo mwenyewe. Nimefungua daftari nikarudi miaka yote tisa. Zamani mvua ilichelewa au iliwahi, lakini ikija ilikaa. Siku hizi inaingia kwa kishindo, inakula, inaondoka bila kuaga. Hii ni mara ya tatu katika miaka mitano.

Mashineni sasa wanakuja na kilo mbili kwenye mfuko wa plastiki. Sihitaji kutazama foleni. Debe likimwagwa mashine inanguruma, kilo mbili inakohoa kama babu yako. Mfanyabiashara wa soko la juu amepandisha bei mara mbili ndani ya wiki tatu, na mahindi yenyewe anayo yale yale ya juzi.

Muulize mume wako, ile habari ya mavuno makubwa nchi nzima aliipata wapi?

Shangazi.


Tarehe 5 Julai

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Poleni sana, sana. Nimelia kidogo niliposoma habari ya punje kumi. Mume wangu akanipangusa machozi kwa kidole gumba akasema, "Usilie, mke wangu, ndiyo maana kuna watu kama sisi."

Tumepata kabati la vioo! Na godoro jipya. Ghala limejaa mpaka kwenye mbao za paa, anapita kiubavu ubavu, lakini haliuzi siku hizi, amelifunga kufuli mbili. Wateja wanagonga, anawaambia hamna. Nikamuuliza mbona hamna wakati mahindi yapo? Akacheka, akanivuta sikio: "Kasuku wangu, bei haipandi mahindi yakiisha. Inapanda watu wakianza kuogopa kwamba yataisha. Sisi tunangoja woga ukomae." Ana akili, shangazi! Mimi na kidato cha nne changu nisingelifikiria hilo.

Wala asidhaniwe alibahatisha. Alijua! Mwezi wa nne walikuwa na kikao cha wenye maghala, akaja mtaalamu wa hali ya hewa, akawaeleza kwamba bahari ya mbali huko imebadilika joto, kwa hiyo mvua itaanza kwa nguvu na kukatika mwezi wa tano kabla mahindi hayajakomaa. Aliniambia siku ile ile niliyomsomea barua yako, ile ya watu kutaka kuuza. Akasema, "Mvua ya kwenu ni ya kudanganya, utaona." Na kweli nimeona. Hakuna anachokisema kisitokee.

Andika upesi. Anauliza ni nyumba ngapi bado zina akiba, anataka kujua lini awasaidie.

Wako anayewawaza,
Kasuku.


Tarehe 29 Julai

Kasuku,

Salamu zangu ni hizo hizo za siku zote, chukua kutoka barua iliyopita. Leo sina nyingine.

Lori limekuja. Limesimama mbele ya mashine yangu, Mapengo akashuka, akafungua nyuma, na bei aliyoitaja ni mara nne ya ile waliyotupa Aprili. Mara nne! Mama Cherehani akasogea, akashika mdomo wa gunia la kwanza, akauvuta uzi. Wa buluu. La pili, wa buluu. Akaanza kuhesabu mishono yake mwenyewe mbele za watu, na Mapengo akitazama viatu. Ni mahindi yetu, Kasuku. Yametoka hapa, yamekaa jirani na kitanda chako miezi mitatu, yamerudi. Hata gunia hakubadilisha, jeuri ilioje! Na Mama Cherehani alinunua moja, kwa kuuza cherehani. Unajua jina lake, sasa sema mwenyewe tumwiteje.

Nimekaa nikajiuliza, alijuaje kuja wiki ya ada? Alijuaje kuja wiki hii, wiki ambayo nyumba ya mwisho imekung'uta gunia la mwisho? Nani alimwambia? Kisha nikasoma tena barua yako. Mimi ndiye niliyemwambia. Kwa mkono wangu, kwa kalamu yangu, na kupitia mdomo wako mtamu.

Kwa hiyo alijua. Alijua Aprili kwamba mvua itakatika, akamtuma mtu aje kutuambia mavuno ni makubwa. Nawe ulikuwepo, kichwa chake kikiwa mapajani mwako, ukajua vile vile, ukaniandikia habari ya kuungua kidole!

Mvua haina kosa. Mvua ni ya Mungu, ikija ije, isipokuja tutajua la kufanya, tumezoea. Lakini huyu amekigeuza kiangazi chetu kuwa kabati la vioo.

Kuanzia leo mvua siandiki.

Shangazi.


Tarehe 8 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako sikumsomea. Niliisoma nimesimama jikoni, maziwa yakachemka yakamwagika yote.

Sikutegemea. Wewe uliyenilea, uliyenisuka nywele asubuhi ya harusi, leo unaniita mimi nini? Mume wangu hakumwibia mtu. Alinunua, akalipa, akahifadhi. Panya wanakula, dawa ananunua, wapagazi wanataka chao. Ninyi mlitaka kuuza, mkauza. Kama mvua ingeendelea na bei ikaanguka, mngemletea pole?

Watu walisema kwamba nikiolewa vizuri nitaonewa wivu. Sikujua utaanzia nyumbani.

Mimi.


Tarehe 20 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Ni wiki sita sasa. Babu hajambo? Nilituma dawa ya kifua kwa kondakta wa basi, sijui kama ilifika.

Hapa mjini watu wamepanga foleni barabara nzima kwa unga. Nilikwenda dukani, mama mmoja akanitazama gauni akasema kwa sauti, "Huyo ni wa ghalani, mpisheni, anakuja kutuhesabu." Sikununua. Nilirudi mikono mitupu.

Mume wangu anauliza kila mchana kama umeandika. Anasema msimu wa mvua za vuli umekaribia, anataka kujua kwenu kipimo kinasemaje. Zamani alikuwa anauliza na hali yako.

Niandikie hata mstari mmoja.

Kasuku.


Tarehe 1 Oktoba

Kasuku,

Dawa ilifika. Babu ameimeza hii, kwa kuwa imetoka kwako. Amekonda.

Mstari uliotaka ndio huo.

Shangazi.


Tarehe 14 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Mwambie anayesubiri asubiri.

Jumatatu nilitaka kusoma tena barua yako ya Aprili, ile ya mzaha, nijikumbushe ulivyokuwa ukinitania. Nilifungua kopo la biskuti. Ua lipo, barua hamna. Nikapekua kitanda, kabati, kila mahali. Mchana nikampelekea chakula ghalani, yeye alikuwa nje kwenye mizani. Nikaingia pale anapoandikia. Kuna msumari ukutani wenye stakabadhi za dizeli na za dawa ya panya. Chini ya stakabadhi hizo, zimetobolewa katikati, ziko barua zako zote, ila ile ya Julai ambayo sikuiweka koponi.

Amezipigia mistari kwa kalamu nyekundu. "Ada za shule ni mwezi huu huu." Mstari. "Akiba ya kula." Mstari. "Akabakiza moja." Mistari miwili! Babu anavyokohoa hakuna mstari. Salamu zako kwake hazina mstari. Pale uliposema umefurahi kwa kuwa nimefurahi, msumari umepita hapo hapo.

Tena shangazi, mistari imenyooka. Yule asiyeweza maandishi madogo! Miezi saba nimemsomea, kumbe nikimaliza anakwenda kusoma mwenyewe. Nilikuwa nadhani ananisikiliza mimi.

Nilitua sahani mezani. Nikakumbuka nilivyokuandikia "ana akili". Nikakumbuka nilivyokuita mwenye wivu. Ningeweza kujizaba kofi ningejizaba.

Nikaziacha msumarini. Siku iliyofuata barua yako ya mistari miwili ikafika. Akaniona naifungua. Akajilaza mkekani, akafumba macho, "Enhe. Mvua je?"

Nikasoma. Shangazi, nilisoma barua ambayo hukuandika. Nilisoma kwa ile sauti anayoipenda. "Marahaba Kasuku wangu. Mvua za vuli zimewahi, tena si mchezo. Wiki ya kwanza ya Oktoba, milimita arobaini na mbili. Watu wamepanda na maharage yameshachomoza. Malori ya mfanyabiashara mwingine yamefika sokoni, anauza kwa nusu bei kabla haijashuka zaidi." Nikaikunja ile karatasi nikaitia kwenye chai, nikasema imeniponyoka.

Aliruka mkekani kama ameng'atwa na siafu! Kabla chai haijapoa kufuli zote mbili zilikuwa chini. Anauza, shangazi, anauza kwa watu wa foleni, kwa yeyote, akihofia wenzake wasimtangulie, na wenzake walipomwona nao wakafungua. Kwa siku tatu bei hapa mtaani imeshuka mpaka theluthi. Woga umekomaa, ila wa kwake. Malori mawili anayaleta kwenu, amemwambia Mapengo asirudi na hata gunia moja.

Mpokeeni. Nunueni kwa bei yoyote ya chini mtakayomwambia. Nimefanya nilichokiweza kwa mdomo wangu, kwa kuwa ndio uliowaponza.

Nisamehe.
Kasuku.


Tarehe 9 Novemba

Kasuku,

Babu yuko kitandani, anakula uji. Anauliza habari zako, namwambia nzuri.

Malori yalikuja. Bei ilikuwa ya kuzungumzika. Kila nyumba ya huku juu ina gunia, na Mama Cherehani ana mawili. Hilo nakuandikia kwa kuwa ni kweli.

Sasa nisikilize na hili.

Mapengo alipita bondeni kwanza. Watu walimuuliza mbona bei imeshuka ghafla. Akawaambia, "Hamna habari? Kipimo cha yule mama wa mashine kimesoma arobaini na mbili! Mvua imeshika huko juu." Hakusema uongo, ndivyo alivyoambiwa na bosi wake. Na bosi wake ndivyo alivyoambiwa na wewe.

Wa bondeni hawakutuma mtu kuja kusoma. Wa nini? Jina langu lilitosha. Walipanda siku hiyo hiyo, nyumba zote, mbegu zote. Kukapita manyunyu ya siku moja, milimita 3, mbegu zikachipua. Kisha jua, siku kumi na nane. Nilishuka nikatazama. Miche imesimama mistari mizuri, mirefu kama kidole, mikavu. Ukiishika inavunjika kama kijiti cha kiberiti.

Walipanda kilima kuja kwangu. Walikuwa kama arobaini. Mzee wao mmoja, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, akauliza, "Mama, arobaini na mbili uliiona wapi?"

Ungenijibia nini, Kasuku? Ningesema sijaandika namba hiyo, Mapengo angebeba neno hilo mpaka ghalani, na wewe unalala humo. Kwa hiyo nikasema nilikosea kusoma. Mimi! Nikasimama mbele ya kile kipimo nikasema macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Mwanamke mmoja akacheka, kicheko kibaya. Mzee akaondoa kofia akaivaa tena, wakashuka.

Sasa hakuna anayekuja kusoma. Juzi imenyesha 34, ya kweli, nilitoka nje nikaita watu, wakanipungia mkono kama unavyompungia mlevi. Na hata wangeniamini, wapande nini? Mbegu imekufa.

Nimeudhika na mume wako, huyo nimeshammaliza, simwongezi neno. Nimeudhika na hewa hii isiyojua mwezi wake. Lakini wewe ndiye uliyeninyong'onyeza. Miaka tisa sijaongeza tone, hata mwaka ule niliotamani kuongeza nijifariji. Nawe umenitia mdomoni milimita arobaini na mbili! Uongo wa kutaka mema ni uongo ule ule, haukui vizuri zaidi.

Usije. Kaa na mume wako. Jambo hili nimeshalimeza.

Shangazi.


Tarehe 16 Novemba

Shangazi,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaniitikia.

Barua yako nilimsomea. Yote, sikuruka neno. Alijilaza kama kawaida, nikaanza, na nilipofika kwenye arobaini na mbili nilihisi shingo yake inakakamaa kwenye paja langu. Nikaendelea mpaka "nimeshalimeza".

Alikaa kitako. Akasema polepole, "Kwa hiyo ulinisomea uongo, kichwa changu kikiwa mapajani mwako."

Nikamwambia, "Na wewe ulisikiliza njaa ya kwetu, kichwa chako kikiwa mapajani mwangu."

Akasema nimemtia hasara ambayo haitalipika miaka miwili. Akasema wenzake wanamcheka. Akasema mengi, nami nikamjibu yote, mpaka wapagazi wakaacha kupakia wakaja kusimama mlangoni. Nikawaambia hao hao kwamba shangazi yangu hakukosea kusoma. Nilipiga kelele, shangazi. Sauti ile ya kununuliwa kwa gunia, jana ilisikika mpaka kituo cha basi.

Kisha nikachukua funguo. Kule nyuma kabisa yamebaki magunia sita ya uzi wa buluu, aliyasahau chini ya turubai. Ni mbegu yetu ya kienyeji, itaota. Niliyabandika lebo kwa jina la bondeni, wapagazi wakayabeba mpaka juu ya basi, yatangulie na barua hii. Hakunizuia, wala hakunisaidia. Alisimama kwenye mizani, nywele nyeupe kwa vumbi, akinitazama. Sijui kama narudi. Nampenda, shangazi, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Uliniambia nisije. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Udongo bado una ile 34, tusiuache ukauke tukinuniana.

Usiseme chochote kwa niaba yangu, umesema ya kutosha. Tuma mtu bondeni awaite wote, hasa yule mzee, na yule mwanamke aliyecheka. Nikishuka, zima mashine. Nataka hata aliye mwisho wa foleni anisikie.

Kasuku.